Kwenda snokeli Mombasa: soma maji kwanza, miwani baadaye

Bahari ya Nyali, Bamburi na Shanzu haikai na sura moja. Pale ulipokanyaga mchanga mkavu asubuhi, jioni utakuta maji yanakupita kichwa. Asiyejua hilo hupoteza pesa ya boti, na mara nyingine hupoteza zaidi ya pesa.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kutazama matumbawe na samaki kwa miwani na snokeli, upande wa kaskazini wa kisiwa cha Mombasa. Mtungi wa hewa hauhitajiki wala cheti. Unahitaji vifaa vitatu (miwani, snokeli ambayo ni bomba la kupumulia, na flipa, vile viatu vya mpira vyenye umbo la pezi), mtu wa kwenda naye, na uwezo wa kusoma jedwali la maji. Wengi huanza na vifaa. Sisi tunaanza na maji, kwa sababu vifaa vizuri kwenye maji mabaya havina msaada: samaki hutawaona, utachoka mapema, na mkondo unaweza kukubeba hadi kwenye mlango wa mwamba, lile pengo ambako maji hutokea kwenda bahari kuu.

1. Chagua siku na saa

Mombasa hupata maji kujaa mara mbili na maji kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa 6 na dakika 10, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Hesabu siku saba na utaona jambo ambalo wageni wengi hawalijui: saa ambayo maji yalikuwa yamekupwa Jumamosi hii, Jumamosi ijayo yatakuwa karibu yamejaa. Ukisikia mwenzako akisema "nenda saa nne asubuhi, ni kuzuri", muulize alikwenda siku gani ya mwezi.

Tafuta jedwali la maji la bandari ya Kilindini. Mamlaka ya bandari huchapisha jedwali la mwaka mzima, na programu nyingi za simu zinayo makadirio yake. Utaona saa, na mbele yake kimo kwa mita. Kimo hicho si kina cha maji pale utakapoogelea. Ni urefu wa maji juu ya alama ya msingi ya jedwali, ambayo iko karibu na kupwa kwa chini kabisa. Cha kutazama zaidi ni tofauti kati ya kujaa na kupwa kunakofuatana.

Wakati wa bamvua tofauti hiyo hufika mita 3 na nusu, siku nyingine hata zaidi. Wakati wa maji mafu hushuka hadi mita 1 na kidogo. Bamvua huja mwezi unapoandama na tena siku moja au mbili baada ya kuwa mpevu. Maji mafu huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuwa nusu. Anayefuata tarehe za mwezi wa Kiislamu ana kalenda ya maji nyumbani tayari: bamvua ni kama tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17, maji mafu ni kama tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24.

Sasa tazama maji yanavyopanda, maana hayapandi kwa mwendo mmoja. Tuseme ni siku ya bamvua: kupwa mita 0.2 saa 4:50 asubuhi, kujaa mita 3.8 saa 11:00 jioni. Tofauti ni mita 3.6. Igawe kwa 12, kila fungu ni sentimita 30. Saa ya kwanza maji hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Yaani sentimita 30, 60, 90, 90, 60, 30. Saa ya tatu na ya nne peke yake ni mita 1.8, kimo cha mtu mrefu. Hapo ndipo mkondo una nguvu kuliko wakati wote. Ndiyo sababu watu waliokwenda kwa miguu hadi kwenye kilima kidogo cha mchanga nje kule, wakakaa kupiga picha, hugeuka na kukuta njia ya kurudi imefunikwa. Mara nyingi sehemu ya chini zaidi haiko mbele yao, iko nyuma, kati ya mchanga ule na ufuo, na maji huijaza hiyo kwanza.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa siku ya maji mafu, tofauti ya mita 1.2: saa yenye nguvu kuliko zote ni sentimita 30 tu. Mahali ni pale pale, ila nguvu ya maji ni theluthi.

Je, basi siku za maji mafu ndizo bora? Si lazima. Siku hizo asubuhi maji huwa yamejaa na kupwa huangukia alasiri, wakati upepo umeshaamka na mchanga umetibuka. Nazo siku za bamvua kali, maji yakikupwa kabisa, matumbawe mengine hutokeza juu na huna nafasi ya kuelea bila kukwaruza tumbo na kuyavunja. Siku tunazozipendekeza kwa anayeanza ni tatu au nne kabla ya kilele cha bamvua, tarehe 12 na 13 au 27 na 28 za mwezi mwandamo. Siku hizo kupwa huwa kati ya saa 2 na saa 3 na nusu asubuhi, upepo bado umelala, na juu ya matumbawe hubaki maji ya kutosha kulala kifudifudi. Thibitisha kwenye jedwali kabla ya kutoka nyumbani, maana kila mwezi una tofauti zake.

Ukishapata saa ya kupwa, panga hivi: ingia majini saa moja kabla yake, toka saa moja baada yake. Maji yakiwa chini, mwamba huwa ukuta. Mawimbi makubwa hupasukia nje, na ndani kunabaki maji ya utulivu. Ukiingia mapema mno, maji bado yanatoka kwa kasi kupitia milango ya mwamba na yatakuvuta nje. Ukichelewa kutoka, maji mapya yanapanda juu ya mwamba, yanaleta mchanga na wimbi, na huoni tena mbali.

2. Msimu

Kuanzia Novemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, maji huwa maangavu zaidi. Oktoba nayo mara nyingi ni njema, pepo zikiwa zinabadilika. Kusi ikishika, Mei hadi Agosti, bahari hutibuka, mwani hujaa ufuoni, na mvua za masika humwaga maji ya mito na mitaro baharini. Siku njema zipo hata wakati wa kusi, ila zitafute asubuhi mapema na usilipie boti siku tatu kabla. Baada ya mvua kubwa acha bahari siku mbili au tatu, hasa karibu na mlango wa mkono wa bahari wa Mtwapa na wa Tudor, kwa sababu ya uchafu na kwa sababu hutaona hata vidole vyako.

3. Mahali, na kupatana na boti

Kutoka ufuoni hadi kwenye mwamba ni mbali, sehemu nyingi ni kilomita moja au zaidi. Katikati ni mchanga na nyasi za baharini. Usijaribu kuogelea hadi huko kutoka ufuo wa umma wa Pirates kwa sababu tu maji yanaonekana mafupi. Ukitaka kujifunza, nyasi zinatosha: lala juu yake polepole na utaona viti vya pweza, majongoo ya pwani na samaki wadogo wanaojificha humo. Ukitaka matumbawe yenyewe, panda boti.

Sehemu nzuri iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1986. Hifadhi kamili ni kilomita mraba 10 na humo uvuvi ni marufuku. Kuizunguka kuna eneo la akiba la kilomita mraba 200 ambako wavuvi wa kienyeji wanaruhusiwa. Tofauti utaiona kwa macho. Ndani ya hifadhi samaki hawakukimbii, na pono wakubwa utawasikia wakitafuna mawe. Nje, mawe mengi yamejaa wale viumbe weusi wa miiba mirefu, kwa sababu kikande na samaki wengine wanaowala wamevuliwa wakapungua. Kiingilio hulipwa kwa Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, kupitia eCitizen, si taslimu mkononi. Lipia kabla, weka risiti kwenye simu, na beba kitambulisho, maana mkazi na mgeni hawalipi sawa.

Kwa nahodha, salamu kwanza, kisha maswali. Bei ni ya boti au ya kila mtu? Kiingilio kimo au hakimo? Ni saa ngapi majini, ukiacha safari ya kwenda na kurudi? Miwani na flipa zimo? Mkishapatana, kabla hujatoa pesa hesabu majaketi ya kujiokoa. Yawe sawa na idadi ya watu, na moja limtoshe kila mtoto. Livute jaketi mabegani ukiwa umelivaa: likikupanda hadi masikioni, ni kubwa, majini litakutoka. Tazama buko zote, yaani vifungo vya mikanda, zifunge. Jaketi lenye buko iliyovunjika na kufungwa kwa kamba ni la kukalia, si la kuvaa.

Nahodha mzuri utamjua kwa swali moja: "Kaka, leo maji yanakupwa saa ngapi?" Akijibu papo hapo, umepata mtu. Na mkifika, aifunge boti kwenye boya lililowekwa. Nanga ikitupwa juu ya matumbawe huvunja kwa dakika moja kilichokua kwa miaka mingi. Una haki ya kumwambia asitupe.

4. Vifaa

Miwani ndiyo muhimu kuliko vyote. Iwe inafunika macho na pua pamoja. Ile midogo ya kuogelea, inayofunika macho tu, haifai kuzamia: ukishuka, maji huibana kwenye jicho na huna njia ya kupuliza hewa ndani yake kupitia pua.

Ijaribu dukani au ufuoni hivi. Usivae mkanda. Sukuma nywele zote nyuma, weka miwani usoni, vuta hewa kidogo kwa pua, kisha achia mikono. Ikibaki imeshika bila wewe kuendelea kuvuta kwa nguvu, ni ya uso wako. Ikianguka, jaribu nyingine, usidhani kukaza mkanda kutasaidia. Kukaza sana ndiko kunakopinda mpira na kuingiza maji. Mkanda ukae nyuma juu ya masikio, umelegea kiasi cha kupitisha kidole. Mwenye masharubu apake mafuta mazito kidogo chini ya pua ili mpira ushike. Anayevaa mtandio auvalie mkanda juu ya kitambaa, lakini ukingo wa kitambaa usiingie hata kidogo kati ya mpira na ngozi ya paji.

Miwani mpya ina utando mwembamba wa kiwandani juu ya kioo, na utando huo huleta ukungu hata ufanye nini. Paka dawa ya meno nyeupe ya kawaida upande wa ndani, sugua kwa kidole dakika mbili, suuza. Rudia mara mbili au tatu. Baada ya hapo, kila unapoingia majini temea mate ndani ya kioo kikavu, sambaza, suuza mara moja tu kwa maji ya bahari, vaa. Kosa la kawaida ni kulowesha kwanza kisha kutema, au kuvaa miwani na kukaa nayo juani dakika kumi. Uso ukipata jasho, kioo hupata ukungu.

Snokeli iwe fupi, sentimita 35 hadi 40. Wako wanaodhani bomba refu litawafikisha chini zaidi. Halitawafikisha. Bomba refu hubakisha hewa uliyoitoa, unaivuta tena, na kichwa huanza kuwanga. Na ukiwa chini, uzito wa maji kifuani hukuzuia kuvuta hewa kabisa. Tafuna kile kipande cha mpira mdomoni kwa upole. Ukikiuma kwa nguvu, taya zitauma kabla ya nusu saa.

Flipa zivaliwe mguu ukiwa umelowa. Zikibana vidole, utapata mkakamao wa nyayo. Zikilegea kisigino, zitakuchubua. Ukitoka ufuoni, zibebe mkononi hadi maji ya kiuno, zivae hapo. Ukilazimika kutembea nazo, tembea kinyumenyume. Champali hazifai baharini, hukutoka mguuni mara ya kwanza. Viatu vya raba vyenye soli ngumu ndivyo vya kutembelea kwenye mawe.

Kuhusu nguo: fulana ya mikono mirefu inayobana na suruali ya kubana huzuia jua na viwavi wa majini kuliko mafuta yoyote. Dera na leso ni nguo nzuri za ufuoni, lakini majini hujaa maji, huzunguka miguu na kukuzuia kupiga teke. Zivue au zifunge kabisa kabla ya kuingia, na vaa nguo ya kubana chini yake. Jua la Mombasa hupita utosini Machi na Oktoba, na anayelala kifudifudi majini huungua mgongo, nyuma ya magoti na kwenye visigino bila kuhisi joto. Kama unapaka mafuta ya jua, tumia yenye zinki, nusu saa kabla ya kuingia. Baadhi ya kemikali zilizomo kwenye mengine hudhuru matumbawe.

Ongeza: maji ya kunywa lita 1 na nusu kwa mtu, filimbi shingoni, chupa ya chai iliyojaa maji ya moto (matumizi yake tutayafikia), kibanio kidogo cha nyusi, na taulo. Kula kidogo saa moja na nusu kabla, mahamri mawili na chai yatosha. Pombe na muguka viache nchi kavu.

5. Mazoezi kwenye maji ya kiuno

Usifanye mara ya kwanza kwenye boti. Nenda siku moja kabla, ufuoni, maji ya kiuno, mchanga chini.

Simama, vaa miwani na snokeli, weka uso majini ukiwa umeshika magoti. Pumua kwa mdomo tu, polepole: vuta kwa hesabu ya tatu, toa kwa hesabu ya nne. Dakika za mwanzo mwili utapinga, pua itataka kuvuta. Kaa hapo hadi pumzi itulie. Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, kisha wanakuja kuhangaika kwenye kina. Hofu nyingi ya majini ni pumzi ya haraka tu: unavuta kabla hujatoa yote, hewa chafu inabaki, unahisi huna hewa, unazidi kuvuta.

Kisha ingiza maji kwenye snokeli makusudi. Zamisha kichwa, bomba lijae, inua kichwa hadi uso wa maji bila kutoa uso, na puliza mara moja kwa nguvu, kama unayezima mshumaa ulio mbali. Pumzi inayofuata ivute taratibu, maana tone hubaki, na ulimi ukiwa umeinuka kidogo utalizuia lisiingie kooni. Rudia hadi usifikirie.

Maji yakiingia kwenye miwani, usiivue. Tazama juu kidogo, bonyeza ukingo wa juu kwa vidole kwenye paji, puliza kwa pua. Maji hutokea chini. Ukijua hayo mawili, bomba na miwani, umejua karibu yote.

Mwisho lala. Mikono kando au imekunjwa kifuani, kichwa kikitazama chini na si mbele. Ukiinua kichwa miguu huzama, na miguu ikizama utapiga baiskeli badala ya teke. Teke litoke kwenye nyonga, goti likunjwe kidogo tu, flipa zisipasue uso wa maji.

6. Juu ya matumbawe

Kabla ya kushuka kwenye boti, tupa kipande cha mwani majini ukitazame kwa dakika moja. Kikisimama karibu, shuka. Kikienda, kumbuka upande, na anza kuogelea kinyume chake. Ukichoka, mkondo utakurudisha kwenye boti. Anayeanza kwa kubebwa hufurahia nusu saa ya kwanza na kuhangaika nusu saa ya pili. Baada ya mateke kumi jaribu kurudi: usipoisogelea boti, toka, mwambie nahodha, hamieni sehemu nyingine.

Nendeni wawili wawili, mmoja asimpite mwenzake zaidi ya urefu wa boti. Inueni vichwa kila baada ya dakika mbili mtazame boti iko wapi, maana boti za starehe hupita na nahodha wao haoni kichwa kilicho majini. Fulana nyekundu au ya manjano huonekana mbali kuliko ya buluu. Asiyejua kuogelea vizuri abaki na jaketi lake, hakuna aibu, ataona samaki wale wale.

Usisimame. Ukichoka, geuka chali uelee, au shika boya. Matumbawe ni mnyama hai, na yale makubwa ya mviringo hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya, na mengi unayoyaona leo ni yaliyorudi tangu hapo. Flipa moja iliyopigwa ovyo huvunja tawi, na mchanga unaotimuliwa huyafunika na kuyanyima mwanga. Mkate wa kulishia samaki usibebe. Wakizoea mkate huacha kula mwani unaoyasonga matumbawe, na hukuuma vidole.

Usiokote kombe wala konokono, hata aliye mzuri namna gani. Ndani ya hifadhi ni kosa kisheria. Aidha wako konokono wenye umbo la koni, wenye michoro ya kupendeza, wanaochoma kwa sumu inayoweza kuua mtu. Usitie mkono kwenye shimo la jiwe, samaki mkunga hukaa humo. Ukitembea kwenye mchanga, buruza miguu badala ya kuinua: samaki taa aliyejifukia husikia na kuondoka, lakini ukimkanyaga atakupiga kwa mwiba wa mkia.

Mtulivu huona zaidi. Chagua jiwe moja, elea juu yake dakika tano bila kupiga teke. Mwanzo utaona jiwe. Dakika ya pili samaki waliojificha hutoka. Dakika ya nne utagundua kwamba sehemu ya jiwe inapumua na ina jicho, ni pweza, na rangi yake imekuwa ikibadilika mbele yako muda wote.

7. Mambo yakiharibika

Mkondo ukikuchukua, usishindane nao uso kwa uso. Ogelea kuukata, sambamba na ufuo, hadi utoke, kisha rudi. Ukishindwa, elea chali, piga filimbi, inua mkono mmoja na kuupunga. Wenye tyubu za kukodi pale Pirates waangalie upepo unaotoka nchi kavu, tyubu hukimbia juu ya maji kuliko mtu anavyoweza kuogelea. Usiiachie ukajaribu kurudi kwa mikono. Kaa nayo, ita msaada. Nambari za dharura ni 999 na 112.

Mkakamao wa mguu: geuka chali, shika ncha ya flipa, ivute kuelekea kwako huku ukinyoosha goti. Utaachia ndani ya dakika moja.

Miiba ya wale viumbe weusi wa kwenye mawe ikikuingia mguuni, usichimbe kwa sindano. Ni myepesi kukatika, na ukichimba unaivunja vipande na kuleta uchafu. Toa kwa kibanio ile inayotokeza tu, loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, safisha. Watu wa pwani hupaka utomvu wa papai bichi. Midogo iliyobaki mara nyingi huyeyuka au hujitokeza yenyewe siku zinazofuata. Ikiwa imeingia kwenye kiungo, au pamevimba na kuwa na joto, nenda hospitali.

Taa, samaki jiwe na samaki wengine wa miiba yenye sumu huleta maumivu makali kupita kiasi, papo hapo. Hapa ndipo ile chupa ya chai inapofanya kazi. Changanya maji hadi yawe ya moto lakini yasiunguze, kama nyuzi 45 na si zaidi, na mwenye kupima awe mtu mwingine kwa mkono wake mzima, kwa sababu aliyechomwa hahisi joto sawasawa. Loweka dakika 30 hadi 90, ongeza maji yakipoa. Joto hupunguza maumivu, haliondoi haja ya daktari. Mpeleke, hata akisema amepata nafuu.

Yavuyavu, yule mnyama laini wa majini mwenye nyuzi zinazochoma, akikugusa, toka majini, usisugue, usimwagie maji baridi ya bomba. Suuza kwa maji ya bahari, toa nyuzi kwa kibanio, kisha maji ya moto. Akihema kwa shida au kutapika, hospitali mara moja. Vivyo hivyo kwa mtu aliyemeza maji mengi baharini na kuendelea kukohoa baada ya kutolewa: asipelekwe nyumbani kulala, apelekwe akaangaliwe.

8. Mkirudi

Kunywa maji kabla ya soda. Mikwaruzo ya matumbawe, hata midogo, isugue kwa sabuni na maji safi siku hiyo hiyo hadi chembe zitoke, maana hukawia kupona na huoza haraka kwenye joto letu. Vifaa visuuze kwa maji baridi ya bomba: miwani ndani na nje, snokeli ipitishwe maji, buko za flipa zichezwechezwe ili chembe za mchanga zitoke. Vikaushe kivulini. Jua hukausha na kupasua mpira, na miwani iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari hupinda ikapoteza umbo la uso. Usiitundike kwa mkanda. Ilaze kwenye kisanduku kigumu, kioo kikitazama juu, bila flipa nzito juu yake.